Uzoefu wangu na kikaguzi cha linki cha W3C: kilisema kweli, mimi ndiye niliyekiziba mdomo

Mimi ni katibu wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya walimu hapa Morogoro, na kwa kuwa ndiye niliyeonekana kuijua kompyuta, tovuti nayo nikabebeshwa. Yenyewe ni ndogo: kurasa tano za HTML ya kawaida (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) na linki 26 za nyaraka. Kuna fomu ya kujiunga, ya mkopo, ya wadhamini, ya mrithi, masharti ya chama na makabrasha ya mikutano mikuu iliyopita. Aliyeitengeneza ni kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Muda wake ulipoisha aliondoka, akaniachia nywila kwenye kipande cha karatasi.

Malalamiko yalianza wiki tatu kabla ya mkutano mkuu. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alinipigia asubuhi:

"Mwanangu, hii fomu yenu ya mrithi mbona haifunguki? Nimebonyeza mpaka kidole kinauma."

"Shikamoo mama. Hebu zima simu, uiwashe tena."

Ndiyo, nilimjibu hivyo, na hadi leo naona aibu. Lakini nifanyeje? Kila nilipojaribu kwenye kompyuta ya ofisini fomu ilifunguka papo hapo, haraka kuliko kawaida. Hiyo haraka ndiyo ingenishtua. Mhasibu wetu alikuwa amesimama nyuma yangu akisubiri saini, akauliza mbona juu pale pameandikwa file. Kumbe ile alama niliyoizoea kwenye skrini ilikuwa haiendi kwenye tovuti kabisa. Ilikuwa inafungua nakala ambayo yule kijana aliihifadhi kwenye folda ya kompyuta. Kwa miezi nilikuwa nakagua tovuti ambayo hakuna mwanachama hata mmoja aliyewahi kuiona.

Ndipo nikatafuta kitu cha kukagua linki kutoka nje, nikaangukia Link Checker ya W3C, wale wanaosimamia viwango vya wavuti. Iko validator.w3.org/checklink. Ni bure, hujisajili, hupakui programu. Unabandika anwani ya ukurasa, unabonyeza, inaanza kugonga kila linki na kukuletea majibu ya seva. Ukitaka ifuate na kurasa za ndani kuna kisanduku cha kuteua. Maelezo yake yote ni Kiingereza, na sura yake ni ya kizamani kweli, lakini hainisumbui. Haina matangazo.

Usitegemee kasi. Inapumzika kama sekunde moja kati ya ombi na ombi kwa seva ileile ili isiilemee, kwa hiyo hata tovuti ndogo kama yetu inachukua dakika kadhaa. Usifunge ukurasa kabla haijamaliza. Mimi nilifunga mara ya kwanza nikidhani imekwama, nikaanza upya.

Majibu ya kwanza yalikuja na mistari mingi ya linki "zilizoelekezwa kwingine". Nilijua tulishahamia https, yaani anwani salama, na linki zetu za zamani bado zinaanza na http, kwa hiyo seva inazielekeza kwenye https; nikaona hizo ni kelele tu. Kuna chaguo la kuficha linki za namna hiyo. Nikalichagua, nikarudia. Safari hii likabaki kosa moja tu: 403, yaani faili lipo ila seva imekataa kulitoa. Ruhusa za faili hilo zilikuwa 600, yaani mwenye faili pekee ndiye anayelisoma, nikaziweka 644, kila mtu alisome, kupitia cPanel (paneli ya kusimamia tovuti), likafunguka. Nikampigia mwenyekiti kumwambia tovuti iko salama.

Jioni ileile yule mama akanitumia kwenye WhatsApp faili alilolipakua. "Jionee mwenyewe." Jina ni fomu-mrithi.pdf, ukubwa ni KB 3. Fomu yetu ina nembo na kurasa mbili, haiwezi kuwa KB 3. Nikalifungua kwa Notepad. PDF halali ukiifungua hivyo, mwanzoni kabisa inaandika %PDF na namba ya toleo. Hili lilianza na <!DOCTYPE html>, ambayo ni alama ya mwanzo wa ukurasa wa wavuti, na chini yake maneno yetu wenyewe: "Samahani, ukurasa unaoutafuta haupo." Mama alikuwa amepakua ukurasa wetu wa kuomba radhi, umevalishwa jina la fomu.

Hapa ndipo niliposhika kichwa. Kuna faili la maagizo kwa seva linaitwa .htaccess, ambalo huwezi kuliona kwenye cPanel mpaka uiambie ionyeshe mafaili yaliyofichwa, kwa sababu jina lake linaanza na nukta. Ndani yake yule kijana aliandika mstari wa ErrorDocument 404, unaosema kionyeshwe nini faili lisipopatikana, ukifuatiwa na anwani nzima ya ukurasa wa samahani, kuanzia https. Apache, programu inayoendesha seva yetu, ikikuta anwani nzima pale, haisemi tena "404, hakuna". Inamwelekeza mtu kwenye ukurasa huo, na kwa kuwa ukurasa wenyewe upo, jibu la mwisho linakuwa 200, yaani sawa. Kwenye linki nako aliweka neno download pamoja na jina la fomu, basi simu ikatii: ikahifadhi ilichopewa kwa jina lililoandikwa.

Sasa rudi kwenye kikaguzi. Kiliziona linki zote hizo mbovu. Kilizitaja kama linki zilizoelekezwa kwingine, na mimi ndiye niliyeamuru zifichwe. Kwa hiyo kama unasoma hapa ukitafuta jambo moja la kuchukua kuhusu huduma hii, ni hilo: usifiche hizo linki, hata zikijaa ukurasa mzima. Angalia kila moja imeishia wapi. Kama fomu ya mkopo imeishia kwenye ukurasa wa samahani, hiyo imekufa, hata kama chini yake pameandikwa 200.

Nilifupisha ule mstari ukabaki /samahani.html tu, bila https wala jina la tovuti, nikaendesha kikaguzi tena. Linki 11 zikaja na 404. Sijawahi kufurahia makosa kiasi kile.

Tisa kati ya hizo zilikuwa na ugonjwa mmoja. Skana ya ofisi huhifadhi kwa .PDF, herufi kubwa, na linki zimeandikwa .pdf. Kwingine faili ni Fomu_Mkopo na linki ni fomu_mkopo. Windows haijali tofauti hiyo, ndiyo maana nakala ya ofisini ilifanya kazi muda wote. Seva yetu ni Linux, na kwake F na f ni herufi mbili zisizojuana. Ya kumi ilikuwa masharti.pdf.pdf: Windows huficha ile .pdf ya mwisho, mtu akaona haipo, akaiandika tena. Ya kumi na moja ilikuwa kabrasha ambalo halikuwahi kupakiwa kabisa. Hilo nililitafuta mpaka kwenye kabati.

Hapa kikaguzi kilinisaidia mno, kwa sababu kinataja namba ya mstari ambao linki imeandikwa. Kwa tovuti kama yetu iliyoandikwa kwa mkono, unafungua faili, unaenda mstari wa 84, kosa ni lile pale. Wenye WordPress, mfumo unaotengeneza kurasa wenyewe, wasitarajie raha hiyo, maana mstari unaotajwa ni wa ukurasa unaotoka kwenye seva, si wa kile wanachokiona wakati wa kuhariri. Majina yote ya mafaili nimeyageuza herufi ndogo, na mahali pa nafasi nimeweka kistari.

Nafasi nazo zina kisa chake, na hiki kikaguzi hakiwezi kukiona. Zamani nilikuwa nanakili anwani na kuituma kwenye kundi letu la WhatsApp ikiwa na "Fomu ya Mkopo.pdf" mwishoni. WhatsApp inaishia kwenye nafasi ya kwanza: mpaka "Fomu" ni bluu, yanayofuata ni maandishi tu. Watu wanabonyeza nusu ya anwani. Kwenye ukurasa linki ni nzima, kwenye kundi ni kilema.

Wala hakisomi nyaraka. Baada ya kila kitu kuwa shwari niligundua kuwa linki ya "Masharti ya Chama" inafunguka vizuri kabisa na kuleta masharti ya zamani, yale tuliyoyafanyia marekebisho. Hilo lilionwa na mjumbe wa kamati ya usimamizi, kwa macho yake. Na linki zinazotengenezwa na JavaScript, yaani programu zinazoendeshwa ndani ya ukurasa, kikaguzi hakizioni. Sisi hatuna, ila wengi wanazo.

Nyota nne kwa tano. Ya tano nimeibakiza kwa sababu ya lugha tu, maana mwenzangu wa ofisini akikuta "redirect" (kuelekezwa kwingine) ataniita mimi. Siku hizi nakiendesha kila nikipakia waraka mpya, kisha nafungua linki mbili tatu kwenye simu yangu, kwa bando langu, si kwenye ile kompyuta.

Mama alipakua fomu ya mrithi Jumanne, kurasa zote mbili. Alhamisi akanipigia tena. Nikajua yale yale, kumbe safari hii printa ya steshenari ilikuwa imeishiwa wino.