Uzoefu wangu: Nilinunua skrini ya pili, nikanunua na ugomvi

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Hapa mbele yangu madirisha kumi na moja yamebanana kwenye skrini ya kushoto kama kuku walionyeshewa, na skrini ya kulia iko tupu, haina hata ikoni moja. Nimekosa nini? Niliinuka kunyoosha mgongo. Basi.

Wanaotumia skrini moja wataniona mwehu. Wacha nieleze. Nikianza kazi najipanga: jedwali kulia, limejaa skrini nzima, barua pepe juu kushoto, maandishi ninayohariri chini yake, kikokotoo pembeni kabisa. Mpango huo hauandikwi popote, unakaa mkononi. Mkono unajua pa kwenda kabla ya jicho. Nikiondoka kidogo skrini zinalala, jambo jema, sina ugomvi nalo. Nikirudi nagusa kipanya: ya kushoto inaamka papo hapo, ya kulia ina usingizi mzito, inachukua sekunde tatu nne hivi. Katika sekunde hizo mfumo endeshi unatangaza msiba. Mwenzetu amefariki, mirathi inagawanywa, kila kitu kinakwenda kwa ndugu wa kushoto. Marehemu anafumbua macho anakuta nyumba tupu, na hakuna anayemrudishia hata kijiko.

Mwanzoni nilidhani ni waya, nikabadilisha waya. Nikadhani ni kadi ya grafiki. Kumbe wala. Skrini nyingi zinazounganishwa kwa DisplayPort, aina mojawapo ya waya wa picha, zikizama usingizini huacha kutuma ile ishara ya kusema "nipo", na kompyuta huona ni sawa na mtu aliyechomoa waya. Hilo nimelielewa. Nisilolielewa ni hili: kila skrini hujitambulisha kwa taarifa fupi iitwayo EDID, ambayo sehemu yake ya msingi ni baiti 128 tu, na humo mna kiwanda, modeli, mara nyingi hata namba yake ya pekee. Yaani mfumo unajua fika kwamba aliyerudi ni yule yule wa sekunde nne zilizopita. Bado unampokea kama mgeni aliyepotea njia!

Na si kwamba jambo hili ni la jana. Kompyuta ya Apple, Macintosh II ya mwaka 1987, ilikubali skrini zaidi ya moja. Windows 98 ilikubali hadi tisa. Tisa! Mimi nina mbili tu, na kila siku nafanya kazi ya mchunga kuku. (Mfumo ninaoutumia mwenyewe sitautaja. Una mashabiki, nami leo sina nguvu za kubishana.)

Nikawaandikia wahudumu wa wateja. Wa kwanza akaniambia nizime niwashe. Nikazima, nikawasha. Wa pili akaomba picha ya tatizo. Nikamtumia, akajibu kwamba kwenye picha haoni tatizo, madirisha yote yapo. Ni kweli yapo. Hata nyumba iliyobomoka, ndugu yangu, matofali yote yapo. Lakini wa tatu ndiye aliyenimaliza: "Tunapendekeza usiruhusu skrini zako zilale." Nililisoma jibu hilo mara tatu. Yaani nikeshe na skrini mimi, kwa sababu wao hawawezi kukumbuka dirisha lilikuwa wapi? Na chini yake wakaniuliza kama nimeridhika na huduma, nichague uso unaocheka au ulionuna. Hapakuwa na uso unaonifaa.

Rafiki mmoja akaniambia kosa langu ni kuchanganya skrini zisizolingana, ninunue mbili za aina moja. Nikamsikiliza. Balaa likazaliwa mapacha: sasa mfumo ukawa hauwezi kuwatofautisha, na baadhi ya asubuhi kushoto kunakuwa kulia. Nasukuma kishale kulia kinagonga ukuta. Nakisukuma kushoto kinatokea kulia. Sitaki kulizungumza zaidi hilo.

Basi nikaapa. Nikaing'oa ile ya pili, nikaiweka sakafuni imeelekea ukutani kama mtoto aliyekosa adabu. Skrini moja inatosha, watu waliishi hivyo na kazi zikaenda. Siku ya kwanza nilijiona shujaa. Siku ya pili nikanakili tarakimu ya safu moja nikaipachika safu nyingine, kwa sababu nilikuwa naruka kati ya madirisha kama panzi. Siku ya tatu niliipangusa vumbi nikairudisha mezani, kimyakimya, bila kumwambia mtu.

Na hapa lazima niseme ukweli, hata kama unaharibu hasira yangu: kuna kipindi nilipona. Kwenye menyu ya skrini yenyewe, ile inayofunguliwa kwa vitufe vidogo vya chini ambavyo kila mara nabonyeza kisicho chake, nilikuta sehemu ya kuzuia usingizi mzito. Nikaizuia. Wiki mbili, labda na zaidi, nilikaa kwa amani. Nilikuwa hata nimeanza kuandika sifa, nyota nne, ya tano nikiifikiria. Kisha usiku mmoja yakaingia masasisho ya mfumo bila kubisha hodi. Menyu ya skrini sijaigusa, iko vile vile, lakini asubuhi kuku walikuwa wamebanana tena.

Nyota mbili, basi. Hapana, skrini zenyewe zina kosa gani? Nazipa tano. Mfumo nitaupa moja, na hiyo moja ni kwa sababu haijaruhusiwa kutoa sifuri.

Siku hizi kabla ya kuinuka kitini natoa simu, napiga picha meza yangu, nikirudi nipange upya kwa kuangalia picha. Leo nimesahau kupiga.