Siku 7 za kwanza za kipindupindu: tathmini ya huduma ya mkoa, kuanzia kisimani hadi kambini

Mtu mzima aliyelala na nguvu zake anaweza kuamka akihara maji meupe kama yaliyooshewa mchele, na kabla ya adhuhuri sauti imekauka, macho yamezama, vidole vimesinyaa kama vya aliyeshinda akifua. Kipindupindu hakimpi mgonjwa muda wa kusubiri kikao. Kwa hiyo tunapoipima huduma ambayo mkoa unapeleka katika wiki ya kwanza ya mlipuko, hatuanzi na ukubwa wa kambi wala idadi ya magari. Tunaanza na mwendo: kutoka mlangoni kwa mgonjwa hadi kikombe cha kwanza cha ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kumrudishia mgonjwa maji mwilini, ni dakika ngapi kwa miguu?

Tunachokagua ni furushi zima la wiki hiyo, kama linavyotakiwa kuwafikia watu wa Mbeya, Songwe, Rukwa, Iringa na Njombe: taarifa, kipimo, vituo vya ORS, kambi ya matibabu, klorini, upuliziaji na matangazo. Hukumu yetu tunaitoa mapema. Vitu vya bei ndogo ndivyo vinavyookoa watu wengi, navyo ndivyo hufika mwisho.

Mahali penyewe panadai huduma ya haraka. Kyela iko chini, kando ya Ziwa Nyasa, na mvua za masika zikikolea mito inatapika, vyoo vya shimo vinajaa na visima vifupi vinakunywa kilichomo. Chunya kuna machimbo ya dhahabu ambako watu hufika wengi kabla ya choo na bomba. Ziwa Rukwa lina makambi ya wavuvi, Mbarali ina vibarua wa mpunga wanaolala mashambani. Juu ya hayo kuna mipaka miwili yenye shughuli nyingi, Kasumulu wa kuingia Malawi na Tunduma wa kuingia Zambia. Mlipuko wa Malawi ulioanza Machi 2022 ulipita wagonjwa 58,000 na vifo 1,700. Ule wa Zambia ulioanza Oktoba 2023 ulipita wagonjwa 20,000 na vifo 700. Mkoa wa huku unaojipanga baada ya mgonjwa wa kwanza umeshachelewa.

Upande wa taarifa, kipimo kizuri ni kile kinachoitwa 7-1-7: siku 7 kuugundua mlipuko, siku 1 kutoa taarifa, siku 7 kukamilisha hatua za mwanzo. Muuguzi wa zahanati hahitaji maabara ili apige simu. Mtu yeyote wa miaka 2 na kuendelea anayehara maji na kuishiwa maji mwilini kupita kiasi, au aliyekufa kwa kuhara hivyo, ni mshukiwa, na taarifa inatakiwa kutoka ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka cha kijiti kinasaidia kuamsha mkoa. Uthibitisho unatoka kwenye kuotesha kinyesi maabara. Sampuli ikishaingizwa kwenye kichupa cha Cary-Blair, chenye ute wa kuhifadhi vimelea, isafirishwe kwa joto la kawaida. Isiwekwe kwenye boksi la barafu la chanjo, kwa sababu baridi inawadhoofisha vimelea na jibu linaweza kurudi "hakuna" wakati wapo. Mlipuko ukishathibitishwa, kupima kila mgonjwa hakumsaidii mtu. Kosa kubwa hapa ni kungoja: kutangaza mlipuko ni kazi ya wizara, lakini ORS na klorini hazina haja ya kungoja tangazo.

Sasa kituo cha ORS, ambacho kwetu ndicho kiini cha huduma yote. Ni meza moja chini ya mwembe au kwenye ofisi ya kijiji. Juu yake kuna ndoo yenye koki na mfuniko iliyojaa maji yaliyotiwa klorini, ndoo ya pili ya kunawia, vikombe, jagi lenye mstari wa lita moja, boksi la pakiti za ORS, daftari na kalamu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, WAJA, wawili wanatosha kwa zamu. Mkoa ukiweka vituo 10 vya namna hii kwenye kata iliyoshikwa, wagonjwa wengi hawatafika hatua ya dripu, kwa sababu walio wengi hupona kwa kunywa tu.

Kinachoharibika ni vipimo. Pakiti ya kawaida ya gramu 20.5 ni ya lita moja kamili. Mama akiikoroga kwenye chupa ya soda ya nusu lita, chumvi inakuwa kali na inaweza kumdhuru mtoto. Akiikoroga kwenye chupa ya lita moja na nusu, inakuwa nyepesi na haifanyi kazi yake. Kumkabidhi mtu pakiti bila kumwonyesha chombo cha kupimia ni huduma nusu. Mhudumu atie alama ya kalamu kwenye chupa ambayo mama amekuja nayo, palepale. Mchanganyiko umalizike ndani ya saa 24, ukibaki umwagwe.

Mgonjwa aliyeanza kukauka lakini bado anakunywa anahitaji mililita 75 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 4. Mtoto wa kilo 10 ni mililita 750, kwa kijiko, taratibu. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea polepole zaidi. Mtu mzima wa kilo 60 ni lita 4 na nusu. Watu hushtuka wakisikia kiasi hicho, wengine humnyima mgonjwa maji wakidhani ndiyo yanayomharisha. WAJA aliyefundishwa kulijibu hilo kwa Kinyakyusa au Kisafwa ana thamani kuliko mabango 100. Mtoto apewe pia zinki, miligramu 20 kwa siku, nusu yake akiwa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14.

Aliyelegea, asiyeweza kunywa, ambaye ngozi ya tumbo ikibanwa inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, huyo ni wa kambini, na aende huku akinyweshwa njiani kama anameza. Kituo cha ORS kisicho na namba ya bodaboda au ya gari la wagonjwa iliyoandikwa ukutani kina pengo linaloua.

Kambi yenyewe, inapojengwa vizuri, ni huduma ya kupongezwa. Mgonjwa aliyefika mapigo hayasikiki mkononi anaweza kukaa kitako akiomba uji baada ya saa 3. Hesabu ni hii: mililita 100 kwa kilo, kwa dripu ya Ringer Lactate, ile wauguzi wanayoiita RL. Kwa mwenye mwaka mmoja na kuendelea, mililita 30 kwa kilo ziingie ndani ya dakika 30 za kwanza, na 70 ndani ya saa mbili na nusu. Mtoto wa chini ya mwaka anapewa kiasi hichohicho kwa saa 1 na saa 5. Mtu wa kilo 60 anakunywa kwa mshipa lita 6, yaani chupa 12 za nusu lita, na lita 1.8 kati ya hizo katika nusu saa. Kanula, kijimrija kinachochomekwa mshipani, ikiwa nyembamba haipitishi kasi hiyo. Zinatakiwa nene za geji 16 au 18, mara nyingine mikono yote miwili. RL ikikosekana, normal salaini inakubalika. Dripu ya glukosi 5% haifai, haina chumvi alizopoteza mgonjwa. Doksisaiklini miligramu 300 mara moja kwa mtu mzima hupunguza kuhara, lakini antibiotiki isitangulie maji. Kambi inayofuata haya inatakiwa kupoteza chini ya mgonjwa 1 katika kila 100.

Tazama kitanda. Kina tundu katikati, na chini ya tundu kuna ndoo yenye mistari ya lita. Huo mstari ndio unaomwambia muuguzi kiasi cha kurudisha. Ndoo isiyo na mistari inamfanya akisie, na usiku wa manane akiwa na wagonjwa 30 atakisia kidogo kuliko inavyotakiwa. Ndani ya ndoo hutangulizwa myeyusho mkali wa klorini, ule wa asilimia 2, kabla ya mgonjwa kuitumia.

Kambi za huku zina mambo mawili ambayo mwongozo wa jumla hauyasemi kwa nguvu. Kyela maji ya ardhini yako juu, na kanuni inataka kitako cha shimo kiwe mita 1.5 juu ya maji na choo kiwe mita 30 kutoka kisimani. Ukichimba choo cha kawaida pale umechimba kisima cha kinyesi. Choo kijengwe kwa kunyanyuliwa, au pawekwe matangi. Na ukipanda Tukuyu, Makete au Njombe, tatizo ni baridi: mgonjwa aliyeishiwa maji, amelala juu ya turubai lililolowa, anapoa haraka, watoto hasa. Blanketi liwe kwenye orodha ileile ya dripu. Maji nayo yakadiriwe mapema, lita 60 kwa mgonjwa kwa siku na 15 kwa anayemuuguza. Wagonjwa 40 wenye wauguzaji wao ni lita 3,000 kila siku, na bila boza au bomba kambi hiyo itaanza kueneza ugonjwa iliojengwa kuuzuia.

Klorini ndiyo hufika ikiwa na vipimo vilivyokosewa. Klorini ya unga ya asilimia 70 inafanya kazi zote: kijiko kimoja cha chakula cha kusawazisha, kama gramu 15, kwenye lita 20 kwa kunawa mikono (0.05%), vijiko 4 kwenye lita 20 kwa sakafu na vitanda (0.2%), vijiko 2 kwa kila lita moja kwa matapishi, kinyesi na maiti (2%). Kila ndoo iandikwe kilichomo. Mtu akinawa kwa ile ya asilimia 2 anachubuka, na kesho hanawi tena. Myeyusho wa kunawa na wa sakafu uchanganywe upya kila siku, kwenye plastiki, kamwe si kwenye chuma, na usichanganywe na asidi au sabuni ya kusafishia choo kwa sababu gesi yake inaua. Unga uliokaa wazi stoo tangu msimu uliopita umepoteza nguvu, hata kama lebo bado inasema 70.

Kisimani, mhudumu mwenye bomba la sindano la mililita 5 ni huduma tunayoipa alama za juu kabisa. Anatengeneza myeyusho mama wa asilimia 1 kwa gramu 15 za unga kwenye lita moja. Anajaza ndoo 4 za lita 20, anatia mililita 2, 4, 6 na 8, anangoja dakika 30, kisha anapima kwa kipima klorini. Ndoo iliyobakiwa na miligramu 0.5 kwa lita ndiyo inayotoa dozi ya kisima hicho. Kwenye maji ya baridi angoje saa nzima. Apime tena baada ya kila mvua kubwa, kwa sababu tope linakula klorini. Akizidisha kwa kuogopa, watu watalalamikia harufu na kurudi mtoni. Nyumbani, kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji masafi. Yakiwa na ukungu, yachujwe kwa kitambaa, yatulie, halafu vidonge 2.

Vijiji vya Rungwe na Njombe vyenye maji ya mserereko ni rahisi zaidi, lakini husahaulika kwa sababu maji yanaonekana ang'avu. Tanki la lita 50,000 linahitaji gramu 143 tu za unga ili lipate miligramu 2 kwa lita. Koroga kwenye ndoo, acha machicha yatuame, mimina yale ya juu. Chombo cha watumia maji cha kijiji na RUWASA, wakala wa maji vijijini, waifanye kazi hiyo siku ya kwanza, bila kungoja timu kutoka mjini.

Kinachopewa sifa kuliko kinavyostahili ni pampu ya kupulizia nyumba. Inaonekana, inapigwa picha, lakini inafika nyumba ikiwa tayari familia imeshaambukizana, inakula mafuta ya gari na inamtia mgonjwa aibu mbele ya majirani. Sabuni, ndoo yenye mfuniko, vidonge na maelekezo ya dakika 10 kwa kaya ya mgonjwa na kaya zinazoizunguka vinafaa zaidi. Kuwagawia watu dawa za antibiotiki mtaa mzima nako hakufai, kunazalisha usugu. Chanjo ya kunywa ni nzuri, na tangu Oktoba 2022 milipuko inachanjwa kwa dozi moja kutokana na uhaba duniani, lakini haifiki wiki ya kwanza.

Kuhusu marufuku, tunaunga mkono kuzuia chakula cha pamoja msibani kwa muda, na maiti kuoshwa na wahudumu waliofundishwa. Vilabu vya pombe vinahitaji jicho makini. Ulanzi wa Iringa na Njombe, pombe ya mianzi, unagemwa msimu uleule wa mvua, hunyweka kwa kikombe cha kupokezana, na wapo wanaouongeza maji. Afisa Afya aende na klorini na vikombe zaidi ya kufuli. Mama lishe akifungiwa kabisa atapikia uchochoroni. Akipewa ndoo ya kunawia yenye koki na sharti la chakula cha moto, anakuwa mshirika.

Matangazo yaseme "kipindupindu" kwa jina, yataje kituo cha ORS kilipo na namba 199, ambayo hupigwa bure. Tangazo linalosema "zingatieni usafi" bila kusema ORS iko wapi halimsaidii mwenye mgonjwa.

Stoo ya wilaya inatakiwa kuwa imejazwa kabla ya Novemba: pakiti za ORS, zinki, RL, kanula nene, klorini ya unga iliyofungwa, vidonge, vipima klorini, ndoo zenye koki na turubai. Na mlipuko ukipungua, mhudumu wa kisimani asiondolewe kambi inapofungwa. Abaki mpaka zipite wiki 4 mfululizo bila mgonjwa mpya, bomba lake la sindano mkononi na daftari la vipimo limejazwa kila siku.