Darasa la karate Kirumba: tathmini yangu baada ya miezi minne

Mimi ni wakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu, na kwa kuwa hufunga kibanda saa mbili usiku nikiwa na fedha za siku mkobani, nilijiandikisha katika darasa la karate lililo Kirumba, jijini Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, nikitafuta jambo moja tu: namna ya kumwangusha mtu atakayenikaba. Jambo hilo nimefundishwa. Kilichonifanya niandike, hata hivyo, ni kile ambacho sensei, yaani mwalimu wetu, hufundisha baada ya mtu kuanguka.

Katika zoezi la kila Jumatano, mwanafunzi hushikwa kwa nyuma, hujinasua, humwangusha mwenzake, kisha hutakiwa kurudi hatua tatu akiwa ameinua viganja wazi, macho yakiwa kwenye mikono ya aliyeanguka. Wiki yangu ya tatu, kijana mmoja wa bodaboda alimwangusha mwenzake vizuri sana, kisha akamwongezea teke la ubavuni ilhali yule alikuwa ameshapiga mkeka kwa kiganja kuomba aachiwe. Sensei alisimamisha darasa zima, akamkalisha kijana kando ya aliyepigwa, akamwambia: “Mdogo wangu, hadi anaanguka ulikuwa unajilinda. Hilo teke ulikuwa unajilinda na nini?” Kijana hakujibu, na ukumbi ulitulia hata tukamsikia mwenzake akihema.

Swali hilo linatugusa sana hapa mjini, kwa sababu wengi wetu tumewahi kusikia kelele za “mwizi!” na kuona watu ambao hawakuibiwa chochote wakiokota mawe, kisha habari ikaandikwa kwamba ni wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira inafuta kosa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inatambua haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, lakini kifungu chake kimoja kinaruhusu nguvu ya kadiri inayohitajika kwa ulinzi huo tu, na anayeizidisha huwajibika kwa kosa linalotokana na ziada hiyo. Sensei hutusomea kifungu hicho pamoja na wosia wa Gichin Funakoshi, mwalimu wa karate mzaliwa wa Okinawa, Japani, aliyeionyesha karate mjini Tokyo mwaka 1922, kwamba katika karate hakuna shambulio la kwanza. Nilimpinga hapo, kwani mwanamke aliyebanwa ukutani na mwenye kisu hawezi kungoja achomwe. Akanijibu kwamba shambulio limeshaanza pale mtu anapokuzibia njia na kuchomoa kisu. Jibu hilo liliniridhisha.

Mikeka imechakaa na Jumamosi wanafunzi hubanana mno. Kasoro inayonisumbua zaidi ni darasa la watoto, ambalo linaongozwa na msaidizi: wanafundishwa kata, yaani mifululizo ya miondoko iliyopangwa, na mapambano ya pointi, lakini sijasikia hata siku moja wakiambiwa lini waache kupiga. Mzazi anayempeleka mtoto aliulizie hilo kabla ya kulipa.

Ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Wiki iliyopita tulifanya zoezi la kuuachia mkoba na kukimbia, na mimi, ambaye fedha za mkobani si zangu zote, nilishindwa kuuachia mara mbili. Nimelipia mwezi wangu wa tano.