Tofali gani linafaa tanuri la pizza? Aina tatu zinazopatikana Uganda

Ukimpa fundi wa Kampala kazi ya kujenga tanuri la pizza uani, atauliza kwanza: matofali unayo au nilete mimi? Mwambie unayo. Akileta yeye ataleta yale anayojengea ukuta, na ukuta hauchomwi kwa nyuzi 430 kila Jumamosi. Tathmini hii inapima aina tatu za matofali kwa tanuri la kuba lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 80, linalotosha pizza mbili za kadiri na moto wake pembeni.

Tofali la moto, lile lililotengenezwa kustahimili joto kali, ndilo linaloongoza, na kwenye sakafu halina mpinzani. Lina rangi ya maziwa yaliyoungua, kingo zake ni kali, na la kawaida lina milimita 230 kwa 114 kwa 65, uzito karibu kilo 3.5. Linapata moto, linapoa, linapata tena, na uso wake haumeguki. Tanuri la ukubwa huu linameza 35 hadi 40 ya sakafu, na karibu 100 ya kuba na mdomo, yakiwa yamekatwa nusu kwa grinda. Ongeza kumi ya kuvunjika. Dukani kuna jingine jeupe, jepesi, linalokatika kwa msumeno wa mbao. Nalo huuzwa kwa jina hilohilo la tofali la moto, lakini kazi yake ni kuzuia joto. Ukililaza sakafuni, sakafu haitunzi joto, pizza inabaki mbichi chini, na beleshi la kuingizia pizza linalichimba kama chaki.

Tofali la kiwandani, lililokandamizwa kwa mashine, linafaa kuba mradi liwe zima, lisilo na matundu. Vipimo vyake havipishani, kwa hiyo viungo vya udongo vinabaki vyembamba, na katika kuba kiungo chembamba ndicho kinachodumu. Kwa mwenye bajeti ndogo, huu ndio mchanganyiko tunaoupendekeza: sakafu ya tofali la moto, kuba la tofali la kiwandani.

Tofali la kijijini, lile la tanuri la kuni, linategemea lilikaa wapi wakati wa kuchomwa. Yaliyokuwa karibu na mdomo wa moto yameiva. Ya pembeni ni udongo uliobadilika rangi tu. Gonganisha mawili: lililoiva linalia kama kengele, bichi linatoa mlio wa kibuyu. Kisha pima kavu kwenye mizani, litumbukize majini saa 24, lipime tena. Likiongezeka uzito zaidi ya asilimia 20, liache. Hata likifaulu, lisikanyage sakafu ya tanuri. Linamwaga mchanga, na mchanga huo unaishia chini ya unga, kwenye meno ya mgeni wako. Likiwa na kokoto ndani, kokoto hupasuka kwa joto na kuacha shimo. Ila kwa miguu ya tanuri na nyumba yake ya nje, ambako joto halifiki, hakuna sababu ya kununua kingine.

Tofali zuri linaharibiwa na udongo mbaya wa kuungia. Saruji na mchanga peke yake hulegea kwenye joto la tanuri, na baada ya miezi kadhaa unaona unga wa kijivu sakafuni. Mchanganyiko unaoshikilia ni mchanga laini 3, saruji 1, chokaa ya kujengea 1, udongo wa moto (udongo unaostahimili joto kali) 1. Ukikosa udongo wa moto, udongo wa kichuguu uliochujwa kwa wavu wa unga unasaidia. Mafundi wa majiko ya udongo vijijini wanaujua vizuri. Sakafu usiiunge kabisa. Laza matofali makavu, mshazari kuelekea mdomo, juu ya tabaka jembamba la mchanga na udongo wa moto. Ncha ikichomoza milimita 2 tu, beleshi litaikwaa kila mara.

Kimo cha kuba kiwe sentimita 40 na mdomo sentimita 25, yaani asilimia 63 ya kimo. Ukizidisha mdomo joto linatoka. Ukipunguza, moshi unarudi usoni. Bomba la moshi la sentimita 15 linatosha, na liwe mbele, juu ya mdomo.

Chini ya sakafu weka sentimita 10 za vemikulaiti (madini mepesi ya kuzuia joto) na saruji, 5 kwa 1. Uganda ina madini haya Namekara, mashariki mwa nchi, lakini hakikisha unauziwa iliyokwisha kuumuliwa kwa moto: punje zake zimefura kama bisi ndogo. Ile mbichi ni vipande bapa vinavyong'aa, na haizuii joto. Bila tabaka hili zege la chini linanyonya joto lote, utachoma kuni saa tatu na pizza ya pili itatoka imepauka.

Sasa nyumba ya tanuri, ambako wengi hubana pesa na kujuta. Mvua zetu za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba huja na upepo, na kuba lililopigwa plasta tu hunywa maji. Ukiwasha moto siku hiyo, maji yanageuka mvuke na kupasua plasta kutoka ndani. Paa la mabati ya geji 28 litokeze sentimita 60 kila upande. Mbao zikae angalau sentimita 45 mbali na bomba. Linapopita kwenye paa tumia papi za chuma. Nguzo za mkaratusi zisimame juu ya vyuma vilivyozikwa kwenye zege, la sivyo mchwa watazimaliza. Kati ya kuba na ukuta wa nje jaza vemikulaiti kavu, na uache tundu juu la kutolea mvuke.

Kuba likiisha, lifunike magunia mabichi wiki moja, kisha lianze moto taratibu siku sita: nyuzi 100 siku ya kwanza, ukipandisha 50 kila siku, saa tano hadi sita kila mara. Nyufa za unywele ni za kawaida. Ufa unaopitisha sarafu maana yake ulikimbilia moto mkubwa. Uzibe kwa mchanganyiko uleule wa kuungia, uliolainishwa zaidi. Siku ya kupika, choma mkaratusi mkavu uliopasuliwa. Masizi meusi ndani ya kuba yakiungua na matofali kurudi rangi yake, sukuma makaa pembeni, fagia sakafu, ingiza pizza. Inaiva kwa sekunde 90 hivi.