Uzi wa kamba za meli ya kuchonga: upi ununue, upi uuache dukani

Masika ya mwaka jana yalinivunjia galme, mlingoti wa nyuma wa meli yangu ya kuchonga. Meli haikuanguka wala hakuna mtoto aliyeigusa. Ilikuwa ndani ya kabati la kioo, sebuleni kwangu Tanga. Siku ya tatu ya mvua niliamka nikakuta kamba zimekaza kama nyuzi za udi, na mlingoti huo mwembamba umekatika juu kidogo ya sitaha. Kazi ya miezi kumi na minne. Kilichouvunja ni uzi: nilikuwa nimeuziwa rola kumi na mbili za "poliesta orijino", kumbe pamba tupu.

Tangu nisimulie kisa hicho naulizwa kila wiki, "Ninunue uzi gani?", na karibu wote wanaanza na rangi na unene. Rangi ni rahisi. Kamba zinazoshikilia milingoti zilipakwa lami, kwa hiyo chukua kahawia iliyokolea sana; henza (za kupandishia tanga), demani (za kuongozea tanga) na nyingine zinazovutwa kila siku, chukua kahawia hafifu. Unene nao ni hesabu. Kamba za meli za zamani zilipimwa mzingo, si kipenyo. Kamba ya mzingo wa inchi 10 ina kipenyo cha milimita 81 hivi. Ukijenga kwa kipimo cha 1:96, yaani meli yako ni ndogo mara 96 kuliko ya kweli, unatafuta milimita 0.84. Gawanya mzingo kwa 3.14, kisha gawanya kwa kipimo chako.

Wasichouliza ni hiki: uzi huo ukipata unyevu unafanya nini?

Pamba, kitani na katani hunywa maji. Nyuzi zake huvimba, na kwa kuwa zimesokotwa, zikinenepa urefu wa kamba hupungua. Mabaharia wa enzi za matanga walilijua hilo vizuri. Mvua ikinyesha walikuwa wakizilegeza kamba kabla hazijaumiza milingoti. Kwenye meli yako ya mezani hakuna baharia. Umefunga mafundo mia kadhaa na kuyatia gundi, basi mvua ikija kamba zote zinavuta kwa pamoja, na kaskazi ikirudi na joto lake zinalegea na kuning'inia. Mwaka mmoja, miwili, kitu kinakatika. Anayeishi Dodoma huenda asilione. Sisi wa Tanga, Mombasa, Unguja na Lamu tutaliona tu, hata kabati liwe la kioo.

Meli yenyewe nisiipite bila kuitaja. Ninayoijenga ni Liverpool, ya mizinga 74, iliyojengwa Bombay kwa mbao za msaji na kushushwa majini mwaka 1826 kwa ajili ya Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1836 aliitoa zawadi kwa Mfalme William IV wa Uingereza, ikabadilishwa jina ikaitwa Imaum, na miaka yake ya mwisho ikaimalizia Port Royal, Jamaika. Meli ya kivita ya mtawala aliyekaa Unguja, na kwetu huku ni wachache mno wanaoijua. Ndiyo maana siwezi kuifunga kwa uzi wa kubahatisha.

Sasa uzi.

Wa kwanza, na kwangu hauna mpinzani, ni uzi wa poliesta wa chapa ya Gütermann. Ule wa kawaida wa rola ya mita 100 unatosha kwa kamba nyembamba nyingi. Ukiupata ule wa viwandani uitwao Mara, kumbuka namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba: 120 ni kwa kamba ndogo, 70 ni wa kati, 30 ni mnene. Poliesta hunywa unyevu kidogo sana, ndiyo sababu masika hayaisumbui. Tena uzi huu hauna manyoya mengi. Ushike mbele ya dirisha uone ukingo wake ulivyo safi. Jambo jingine ninalolipenda ni msokoto wake. Umesokotwa kuelekea kulia, kama kamba za kawaida za meli, kwa hiyo uzi mmoja mnene tayari unaonekana kamba. Ukichukua nyuzi tatu ukazisokota pamoja kuelekea kushoto unapata amari, maana kamba ya nanga ndivyo ilivyotengenezwa: kamba tatu za kulia zikasokotwa kushoto. Nunua zaidi ya unavyodhani, kwani kusokota kunakula urefu.

Wa pili ni uzi wa pamba wa kutarizi wa chapa ya DMC. Ni mzuri kwa macho, unalala vizuri kwenye fundo, na rangi zake za kahawia nyingine sijaziona kokote. Lakini ni pamba. Mimi nautumia kwa vitu visivyobeba mvuto: mikunjo ya kamba inayotundikwa pembeni mwa sitaha, basi.

Wa tatu ni kitani. Wajenzi wa zamani waliuapia, na kweli hakuna uzi unaofanana zaidi na kamba halisi. Kwa mwenye chumba kikavu mwaka mzima, sawa.

Koni za poliesta za mafundi cherehani ni rahisi na hazivunji mlingoti, ila zina manyoya. Nailoni ya kushonea viatu inang'aa na inavutika. Ukikaza leo, mwezi ujao imelegea. Katani iache kabisa, nyuzi zake ni nene mno kwa meli ndogo.

Vyovyote utakavyochagua, usimwamini muuzaji kwa maneno. Nenda na kiberiti. Omba kipande, toka nje ya duka, kichome ncha. Pamba inaungua moja kwa moja, inanuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Nyumbani, ning'iniza kipande cha sentimita 30 ukifunge nati chini, weka alama ukutani, kilowanishe, rudi baada ya saa moja. Ule wangu wa "orijino" nati ilikuwa imepanda juu ya alama kwa upana wa ukucha.

Nilirudi na rola zile dukani. Mwenye duka alizitazama akanijibu, "Mama, uzi ni uzi." Kisha akanionyesha Gütermann yake, bei ya rola moja ikilingana na koni nzima ya fundi cherehani, na karatasi ya pembeni ilikuwa imebandikwa upya kwa gundi. Niliinunua nikaipima nyumbani: haikufika hata mita 70. Mtu anayeshona nguo hatapima, na muuzaji analijua hilo. Inaniuma kwa sababu wanaoumizwa zaidi ni mafundi wanaolipa ubora na kupeleka kwa wateja mshono unaokatika. Siku hizi naagiza kwa ndugu anayesafiri, nazihesabu mita mbele yake.

Galme mpya nimeichonga kwa mti wa mchungwa na kuifunga kwa Mara 70. Masika ya mwaka huu yameipita salama. Mlingoti wa mbele bado una pamba ile ya zamani, na wiki hii nimeanza kuikata, kamba moja baada ya nyingine, kutoka juu kushuka chini.