Biti za kabaidi za kutobolea bodi: uzoefu wangu Lamu

Kama unatoboa bodi za saketi za fibaglasi na una stendi ya drili isiyocheza, nunua biti za kabaidi, ile metali ngumu sana. Kama drili yako unaishika mkononi, baki na pesa zako. Huo ndio uamuzi wangu baada ya kuzifanyia kazi za kutosha hapa Langoni, ninakotengeneza kontrola za sola (visanduku vinavyosimamia umeme wa paneli kwenda kwenye betri), chaja, redio na kila kitu kinachoguswa na maji ya chumvi.

Niliagiza mtandaoni kisanduku cha biti kumi, kuanzia milimita 0.3 hadi 1.2, kila moja ikiwa na pete yake ya plastiki yenye rangi. Mzigo ulishuka Mombasa, ukapanda basi mpaka Mokowe, ukavuka kwa boti, na nauli ikakaribia bei ya biti zenyewe. Ile ya 0.3 ilifika imeshakatika humo humo kisandukuni. Muuzaji nilipomwandikia alinijibu kwa picha ya dole gumba. Haikuniuma sana, maana tundu la 0.3 ni kazi ya mashine za kiwandani, si ya fundi wa kibandani.

Shina la biti hizi ni nene, milimita 3.175, hata kama ncha yake ni nyembamba kiasi gani. Hilo ni jambo zuri. Biti za kawaida za feleji za milimita 1 ni nyembamba kuanzia juu hadi chini, na drili kubwa ya kutobolea ukuta haziwezi kuzibana. Hupenya katikati ya taya na kuanguka. Za kabaidi inazibana, lakini hapo ndipo mtu anapodanganyika. Drili ile ni nzito, kasi yake ndogo, na taya zake zinayumba. Kabaidi ni ngumu kuliko feleji lakini haina subira: haipindi, inakatika. Ukiisukuma kidogo tu upande unasikia "tik", na ncha imebaki ndani ya bodi. Inataka kidrili kidogo chenye kasi ya mizunguko elfu ishirini kwa dakika au zaidi, kimefungwa kwenye stendi, kishuke wima na kipande wima.

Kwa nini basi nihangaike nazo? Kwa sababu ya kioo. Bodi za kijani tunazoziona kwenye kontrola nyingi za sola ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, na kioo kinakula feleji. Biti mpya ya feleji hutoboa matundu machache ya kwanza vizuri, kisha inaanza kusugua badala ya kukata. Tazama ukingo wa tundu: shaba imeinuka kama mdomo na fibaglasi imeweka duara jeupe pembeni. Pitisha ukucha juu yake, utakwama. Tundu la kabaidi ukilipitishia ukucha hausikii kitu. Pedi, yaani kile kiduara cha shaba kinachozunguka tundu, ikiwa na upana wa milimita 2 nawe umetoboa 1.2, shaba iliyobaki ni 0.4 tu kila upande. Ukingo ukichanika hapo, hakuna pa kushika risasi ya kulehemu.

Bodi za kahawia za redio za zamani ni habari nyingine. Zile ni karatasi na gundi, laini, na feleji inazimaliza bila shida. Kuzitolea kabaidi ni ubadhirifu.

Jirani yangu ni seremala wa milango ya nakshi. Alipoiona ile ya 0.8 aliuliza, "Fundi, hii ni keekee au sindano?" Akacheka, lakini yeye ndiye aliyenipa vipande vya mbao ngumu ninavyoviweka chini ya bodi. Usitoboe bila kitu chini. Biti inapotokea upande wa pili inang'oa shaba.

Kwa vipimo, 0.8 inatosha miguu ya rezista na aisi (chipu) nyingi. Pini za mraba zina upana wa 0.64, lakini ukipima kona kwa kona ni kama 0.9, kwa hiyo zinataka 1.0. Kasoro kubwa ya kisanduku hiki ni kwamba kinaishia 1.2. Daiodi nene kama 1N5408, ambazo kwenye kazi za sola hazikosekani, miguu yake haipiti hapo, au inapita kwa kulazimishwa.

Kupanua tundu lililokwisha kuwepo situmii kabaidi kabisa. Naibana biti ya feleji kwenye kishikio kidogo cha mkono na kuizungusha kwa vidole, taratibu. Majuzi nililetewa kontrola ya mashua ambayo kiungio chake cha skrubu kilikuwa kimeliwa na kutu ya kijani, na kiungio kipya kina miguu minene zaidi. Kupanua kulikuwa rahisi. Lakini kwenye bodi yenye shaba pande zote mbili, mrija wa shaba unaoziunganisha ndani ya tundu huondoka na vumbi, na upande wa juu unakosa mawasiliano na wa chini. Lazima ulehemu pande zote mbili, kisha upime kwa mita kabla ya kuwasha. Na bodi ikiwa na tabaka za ndani, usiiguse mpaka ujue njia gani zinapita hapo.

Kukata njia ya shaba pia ni kazi ya feleji: biti ya milimita 3, vidole, mizunguko michache mpaka ngozi ya shaba itoke.

Vumbi la fibaglasi lisikufikie kifuani. Mimi navaa barakoa na kufuta meza kwa kitambaa kibichi, na msimu wa kusi nafunga dirisha la upande wa bahari kwanza, la sivyo vumbi lote linanirudia usoni.

Nikiagiza tena sitachukua kisanduku cha mchanganyiko. Nitachukua za 0.8 na 1.0 kwa wingi, maana ndizo zinazokatika, na chache za 1.5 kwa ajili ya zile daiodi.