ThinkPad T480 ya mtumba mwisho wa reli: inunue, lakini usiitegemee kampuni

Kwa mtu anayeishi Kigoma, Lenovo ThinkPad T480 ya mtumba ni mashine ya kununua. Inafunguka kirahisi, vipuri vyake vinaagizika Kariakoo na kupakiwa kwenye basi, na fundi wa kawaida wa mtaa wa Mwanga mwenye bisibisi ya nyota anaweza kuifanyia karibu kila kitu. Ina ugonjwa mmoja wa kuzaliwa nao, na ugonjwa huo ndio utakaokukutanisha na huduma ya kampuni. Hapo ndipo alama zinaposhuka.

Kwanza uhakikishe unachouziwa. T480 ilitoka 2018, na ni rahisi kuuziwa T470 kwa jina lake maana kwa nje ni mapacha. Angalia upande wa chaja: T470 ina tundu la chaja la mstatili pamoja na USB-C moja, T480 ina USB-C mbili na haina tundu jingine la chaja. Tofauti hiyo ina uzito. T480 kwa kawaida ina prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, mara nyingi i5-8250U au i5-8350U, na hiyo inakubaliwa rasmi na Windows 11. T470 ni kizazi cha sita au cha saba, haikubaliwi, hivyo inabaki na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025.

Sasa ugonjwa wenyewe. Tundu la USB-C lenye alama ya radi linasimamiwa na chipu ya Thunderbolt (njia ya kasi ya kupitisha data, picha na umeme kwa waya mmoja), na chipu hiyo ina kumbukumbu yake ndogo inamokaa programu ya kuiendesha. Kwenye ThinkPad nyingi za 2017 hadi 2019 programu hiyo ilitoka na kosa: inaandika taarifa zake kwenye kumbukumbu hiyo tena na tena bila kufuta za zamani, mpaka nafasi inakwisha. Nafasi ikiisha, chipu inachanganyikiwa. Chaja inashika na kuachia, kisha inakataa kabisa. HDMI haitoi picha kwenye projekta. Thunderbolt inatoweka kwenye Device Manager, au mashine inaganda kwenye nembo wakati wa kuwaka. Wakati mwingine tundu la pili la USB-C linaendelea kuchaji, na mwenye mashine anazoea kulitumia hilo tu bila kujua kwamba amebakiwa na njia moja ya umeme. Tundu lenyewe limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi kuu ya mashine, hivyo likilegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa kila saa, kazi inakuwa kubwa.

Dawa ipo na ni bure: Lenovo walitoa sasisho la programu hiyo. Lifanye siku ileile unayonunua, hata kama tundu linafanya kazi vizuri, kwa sababu sasisho linazuia kumbukumbu isijae. Ikishajaa kabisa, mara nyingi halikubali tena kuingia. Ingia tovuti ya msaada ya Lenovo, andika T480, chagua Windows, shusha kiendeshi (driver) cha Thunderbolt na sasisho la programu ya Thunderbolt. Sakinisha kiendeshi kwanza, uwashe upya, ndipo uendeshe sasisho. Chomoa kila kitu kwenye USB-C isipokuwa chaja, na betri iwe imejaa, ili umeme ukikatika katikati ya kazi mashine isizime. Usifunge kifuniko mpaka iseme imemaliza.

Mashine iliyokwisha kufa tundu bado ina tumaini, ila kwa fundi mwenye CH341A, kifaa cha kusoma na kuandika chipu, na kibanio cha miguu minane. Anachomoa betri zote, anabana chipu ya kumbukumbu ya Thunderbolt, anasoma yaliyomo mara mbili na kulinganisha nakala, anatunza nakala moja, kisha anaandika programu safi. Kosa linalogharimu hapa ni kubana chipu ya BIOS (programu inayoiwasha mashine), ambayo iko kwenye bodi hiyohiyo. Utazitofautisha kwa ukubwa: ya Thunderbolt ni MB 1, ya BIOS ni MB 16. Na CH341A zile nyeusi za bei poa zina kasoro inayojulikana ya kupeleka volti 5 kwenye nyaya za data wakati chipu inataka 3.3. Muulize fundi kama yake imerekebishwa kabla hajagusa bodi yako.

Huduma ya kampuni naipa alama kwa nyaraka zake. Kitabu cha matengenezo cha T480 kiko wazi kwa kila mtu, kinaonyesha kila skrubu na mpangilio wa kufungua, na kila kipuri kina namba yake. Watengenezaji wengi hawatoi hata ukurasa mmoja wa namna hiyo. Lakini kwenye kosa la Thunderbolt, ambalo ni lao wenyewe, waliweka tangazo kwenye tovuti na kumwachia mteja alitafute. Mtu wa pili au wa tatu kuimiliki mashine hana namna ya kulijua mpaka chaja ikatae. Akiingiza namba ya mashine kwenye tovuti anaambiwa waranti imekwisha, na anachoelekezwa ni kutengenezewa au kubadilishiwa bodi kwa gharama yake. Bodi ndiyo sehemu kubwa ya bei ya mashine nzima. Kosa la kiwandani halipaswi kufuata kalenda ya waranti, na hapo sikubaliani nao hata kidogo.

Jambo la pili ambalo kampuni haitakusaidia ni nywila ya BIOS. Nyingi ya mashine hizi zilikuwa za ofisi za Ulaya na Marekani, na baadhi zinauzwa zikiwa bado zimefungwa. Kitabu chao kinasema wazi kwamba nywila ya msimamizi ikisahaulika, bodi inabadilishwa. Kwa hiyo ukiwa dukani washa, bonyeza F1 mfululizo. Ikiomba nywila, irudishe mezani hata kama bei imeshuka nusu. Jaribio lingine ni la mtandao: muuzaji aisakinishe Windows upya mbele yako, uiunganishe na intaneti ya simu yako wakati wa kuianzisha. Likitokea jina la kampuni usiyoijua na kukutaka barua pepe ya kazini, mashine bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani na itakusumbua kila ukiisafisha.

Betri ndizo zinazoifanya T480 ifae Kigoma, ambako wengi bado wanakumbuka miaka ya majenereta ya dizeli. Ziko mbili. Ya ndani ni Wh 24 (saa-wati, kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Ya nje inachomoka kwa vishikizo viwili na inapatikana kwa Wh 24, 48 au 72. Unaweza kuchomoa ya nje iliyoisha na kuchomeka iliyojaa huku unaandika, ya ndani inashikilia kazi. Mwenye steshenari anayechapa mitihani ya shule, betri mbili za nje zinamvusha mchana mzima. Dukani, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa kwa kila betri. Ya ndani inaanzia karibu mWh 24,000. Ikisoma chini ya 12,000, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya mashine. Ukifika nyumbani, kama mashine inakaa mezani kwenye chaja kutwa, weka kikomo cha kuchaji asilimia 80 kupitia programu ya Lenovo Vantage.

Chaja yake ni ya USB-C, wati 65, inayotoa volti 20 na ampea 3.25. Chaja ya simu inayoishia volti 9 haitaichaji. Chaja bandia zinaweza kuua chipu inayosimamia umeme nyuma ya tundu. Ukiusikia mwili wa kompyuta unatekenya vidole, acha kuitumia hapo mpaka fundi umeme apime ethi (waya wa ardhini) ya ukuta.

Chaji ikigoma ghafla, kabla hujalaumu bodi, fanya hivi: zima, chomoa chaja, toa betri ya nje, geuza mashine, tafuta kitundu kidogo chini yake, ingiza ncha ya klipu ya karatasi na ubonyeze. Subiri dakika moja, rudisha betri na chaja. Mara nyingi taa inarudi.

Joto na vumbi jekundu la barabara ya Mwandiga vinahitaji usafi kila baada ya miezi sita hivi. Ingia BIOS kwa F1, nenda Config, kisha Power, chagua kuzima betri ya ndani, mashine itajizima. Toa betri ya nje, legeza skrubu sita za chini (hazitoki, zinabaki kwenye kifuniko), kisha pitisha kadi ya plastiki kuanzia upande wa betri na uachanishe vishikizo taratibu. Bisibisi ya bapa itavivunja. Shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, ndipo upulize. Ukiwa ndani, angalia RAM: zipo nafasi mbili, na mashine nyingi zinakuja na kipande kimoja cha GB 8. Kuongeza kingine cha GB 8, DDR4 ya 2400, kutakupa wepesi kuliko kitu kingine chochote utakachonunua.

Ukipiga simu Kariakoo usiombe "betri ya ThinkPad". Ya ndani taja namba 01AV489, ya nje sema 61++ kama unataka ile ya Wh 72, na umwambie muuzaji akupigie picha ya lebo kabla hajafunga mzigo. Kurudisha kipuri kisichofaa kutoka huku ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200, na nauli yake utailipa wewe.